Umerudi bila kulungu: kutafuta chanzo kuanzia dalili

Anayewinda kulungu kwa upinde hurudi mikono mitupu mara nyingi kuliko anavyorudi na nyama. Mwenye bunduki anaweza kumpiga mnyama aliye mita 150 ambaye hajui lolote. Mwenye upinde lazima amngoje afike mita 20 au 30, mahali ambapo pua, masikio na macho ya mnyama yote yanamfikia. Yanayoweza kuharibika hapo ni mengi, na wengi hulaumu kitu walichokishika mwisho, yaani upinde. Wananunua mishale mipya, wanabadili kilengeo (kifaa cha kulengea kilichofungwa kwenye upinde), na msimu unaofuata kulungu anawakimbia vilevile kwa sababu tatizo lilikuwa upepo.

Kwa hiyo hapa tunaanza na kile alichokifanya kulungu mwenyewe. Nazungumzia hasa kulungu mwenye mkia mweupe, anayepatikana kuanzia kusini mwa Kanada hadi kaskazini mwa Amerika ya Kusini, lakini mengi yanawahusu pia jamaa zake wa kwingineko. Kabla hujashuka ulingoni, yaani kwenye jukwaa la kuvizia juu ya mti, au kuondoka pale ulipovizia, andika: saa, upepo ulikotoka, kulungu alikotokea, alitazama wapi kabla ya kukimbia, mkia na masikio vilikuwaje. Andika palepale. Ukisubiri hadi kesho, utaandika hadithi ambayo akili imeshaitengeneza.

## Kutwa nzima hakuonekana hata mmoja

Anza na alama za ardhini. Mavi mabichi yanang'aa na yana unyevu. Ya zamani yamepauka na kukauka. Nyayo zenye kingo kali ni za karibuni, zilizobomoka kingo ni za siku nyingi. Watu wengi huweka ulingo kwenye alama za mwezi uliopita, wakati kulungu wamekwisha kuhamia kwenye chakula kingine. Mbegu za mialoni zikianza kuanguka, shamba lililokuwa likijaa wanyama kila jioni linaweza kubaki tupu kwa muda mfupi sana. Hawajaenda mbali. Wako chini ya miti.

Kama alama ni mbichi na bado huoni kitu, chunguza njia yako ya kuingilia. Kulungu hutembea zaidi alfajiri na machweo. Ukipita gizani katikati ya malisho yao, unawaondoa kabla ya kuketi, kisha unakaa saa nyingi ukingoja wanyama uliowafukuza wewe mwenyewe. Ingia kwa kuzunguka, hata kama inakugharimu nusu saa zaidi.

Chanzo cha tatu ni kukalia sehemu moja kila siku. Hasa majike wazee hujifunza haraka, na kuna ambao hupita chini ya ulingo wakiwa wameinua macho juu. Upumzishe ulingo huo.

## Wanaonekana, lakini mbali, na kila mara wanapita palepale

Hapa hakuna fumbo. Hamisha ulingo. Wanakuonyesha njia yao, na kinachomzuia mwindaji ni uvivu wa kubeba ngazi.

## Alikuja, akasimama ghafla, akapuliza pua, akaondoka na mkia juu

Hii ndiyo dalili inayojirudia kuliko zote, na ukiiona usiguse upinde. Amekunusa. Kulungu aliyeona kitu hubaki akikikodolea. Aliyesikia hugeuza masikio kutafuta sauti ilikotoka. Aliyenusa hahitaji ushahidi mwingine. Anapuliza hewa kwa nguvu puani, mkia mweupe unasimama, na wote walio karibu naye wanaondoka.

Swali la kwanza ni kama upepo ulikuwa ukitoka kwako kwenda kwake. Ikiwa ndivyo, umemaliza kutafuta. Lakini mara nyingi mwindaji atakuapia kwamba upepo ulikuwa sawa alipoketi, na anasema kweli. Kilichobadilika ni hewa ya mteremko. Asubuhi jua likiupasha mlima, hewa iliyo karibu na ardhi hupata joto na kupanda. Jioni ardhi ikipoa, hewa ya baridi huwa nzito na kuteremka ikifuata mabonde. Upepo wa kawaida ukiwa hafifu, mwendo huu ndio unaotawala. Ulingo uliokuwa salama saa mbili asubuhi unaweza kuwa unamwaga harufu yako kwenye njia ya kulungu saa kumi na moja jioni, na usoni mwako usihisi chochote.

Ongeza hapo mizunguko ya hewa. Upepo ukivuka ukingo wa kilima, au ukitoka shambani kugonga ukuta wa miti, hujikunja na kurudi nyuma. Sehemu kama hizo huwa na alama nyingi za kulungu, hasa madume wakubwa. Ukipata mahali penye nyayo nzuri ambapo kila mara unanuswa, shuku kwamba mnyama amepachagua kwa sababu hiyohiyo.

Jinsi ya kuthibitisha: beba nyuzi chache za sufi mfukoni. Achia uzi mmoja mmoja na uufuate kwa macho hadi upotee. Unga wa kupulizia unaonyesha hewa ya mbele ya uso tu; sufi inaelea mbali, na mara nyingi utaiona ikienda upande mmoja kwa mita tano kisha ikageuka kabisa. Fanya hivyo asubuhi, adhuhuri na jioni, kabla ya msimu kuanza. Sijui zana nyingine ya bei ndogo hivyo inayofundisha mengi kiasi hicho.

Kama kulungu alisimama pua ikiwa chini, kwenye njia uliyoikanyaga ulipoingia, basi alinusa nyayo zako au tawi ulilolishika. Viatu vya mpira na kuepuka kuvuka njia yao husaidia. Sabuni isiyo na manukato nayo inasaidia kidogo, lakini hakuna sabuni inayomficha mtu anayepumua. Kazi yako ni kuielekeza harufu mahali ambapo hawatokei.

## Alikukazia macho, akapiga kwato chini, akawa anainua na kushusha kichwa

Huyu hajakunusa. Anajua kuna kitu, hajui ni nini, na anajaribu kukulazimisha utikisike. Mara nyingi atashusha kichwa kana kwamba anakula kisha atakiinua ghafla. Usidanganyike. Tulia, usimtazame machoni, na subiri mkia wake upunge kwa utulivu na aanze kula kwelikweli. Wengi hurejea katika hali ya kawaida wasipopata jibu.

Kilichomshtua karibu kila mara ni mwendo. Macho ya kulungu yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo anaona karibu mzunguko wote isipokuwa sehemu ndogo ya nyuma, na katika mwanga hafifu anaona vizuri kukuzidi. Vuta upinde anapopitisha kichwa nyuma ya shina la mti, au anapomtazama mwenzake. Kama hakuna shina, umechagua ulingo vibaya. Kama nyuma yako kuna anga tupu, hata mkono unaopanda polepole utaonekana wazi.

Rangi inaeleweka vibaya. Utafiti uliofanyika Chuo Kikuu cha Georgia miaka ya 1990 ulionyesha kwamba kulungu mwenye mkia mweupe ana aina mbili tu za seli za kutambua rangi, hana ile ya tatu inayotusaidia sisi kuona wekundu. Rangi ya machungwa ya kizibao cha usalama kwake ni hafifu. Buluu ndiyo inayomng'aria. Tafadhali usivue kizibao ambacho sheria inakutaka uvae. Vua suruali ya jinzi. Na acha kufua nguo za kuwindia kwa sabuni za kung'arisha nguo, kwa kuwa zinaacha vitu vinavyoakisi mwanga wa upande huohuo wa buluu.

Kama aligeuza masikio kwanza, tafuta sauti: mshale uliogusa chuma, kiti kilicholia, mfuko wa velkro. Bandika kitambaa laini kwenye kiegemeo cha mshale na kila mahali chuma kinapokutana na chuma.

## Alikuwa karibu, lakini nafasi haikupatikana

Safari ninayoikumbuka kuliko zote iliishia hapa. Dume mwenye pembe pana alipanda kwenye kituta kilichokuwa mbele ya ulingo, akajilaza nyuma ya vichaka, akacheua mchana kutwa. Kwa darubini niliona taya likizunguka, kope zikifumba na kufumbuka, sikio moja likibaki nyuma hata alipokuwa kama amesinzia. Upepo ulikuwa unamjia mgongoni, uso ukitazama upande upepo unakoelekea: nyuma alilindwa na pua, mbele na macho. Jua lilipokaribia kuzama aliinuka, akajinyoosha mguu mmoja mmoja, akashuka akija moja kwa moja kwangu, kifua mbele, hadi mita kama 15. Kisha akapinda nyuma ya mti ulioanguka na kuingia bondeni. Upinde ulikuwa mkononi na mshale haukutoka.

Anayekuja uso kwa uso si wa kupigwa. Mfupa wa kifua na mabega hulinda mapafu, na mahali pa kupenyea ni padogo mno. Anayekupa mgongo vivyo hivyo. Nafasi za upinde ni mbili: amesimama ubavu, au amegeuka kidogo akielekea mbali nawe, mshale uingie kwenye mbavu za nyuma na kuelekea bega la upande wa pili. Eneo la moyo na mapafu, likitazamwa kutoka ubavuni, lina upana wa sentimita 20 hadi 25.

Ikiwa unapata dalili hii mara kwa mara, chanzo ni pembe kati ya ulingo na njia. Watu hupanda mti ulio juu kabisa ya njia kwa kudhani kukaribia ndiko kushinda. Matokeo yake kulungu anawajia kichwa mbele, kisha anapita chini ya miguu, ambapo mshale unaelekea chini mno na unaweza kugusa pafu moja tu. Sogea mita 15 hadi 20 pembeni ya njia, ili mnyama apite ubavu. Fyeka vijiti vya mstari wa mshale kabla ya msimu, kama mwenye ardhi anaruhusu. Tawi jembamba kama penseli linatosha kuupotosha mshale.

## Mikono ilitetemeka, au upinde haukuvutika

Kutetemeka kunatokana na adrenalini na huwapata hata waliozeeka katika kazi hii. Huwezi kuzuia hali hiyo, lakini unaweza kuupa mwili utaratibu wa kufuata. Ukishaamua kupiga, acha kutazama pembe zake. Chagua unyoya mmoja nyuma ya bega, toa pumzi, gusa shavu pale unapogusa siku zote, bana kifyatuo polepole. Zoezi zuri ni kukimbia kwanza, kisha kupiga shabaha moyo ukiwa bado unadunda. Kama tatizo ni kwamba kidole kinafyatua mara tu kilengeo kinapogusa shabaha, simama mita 3 kutoka kwenye kizuizi kikubwa na upige ukiwa umefumba macho, hadi mwili uzoee kuachia bila haraka.

Upinde usiovutika ni tatizo la aina nyingine. Umekaa muda mrefu kwenye baridi, misuli imekakamaa, na upinde ni mzito kuliko nguvu zako za siku hiyo. Kipimo: keti, nyoosha upinde mbele bila kuuinua angani, uvute polepole. Ukishindwa, punguza uzito wa kuvuta, lakini usishuke chini ya kiwango cha sheria ya mahali unapowinda. Upinde wa roda, wenye magurudumu madogo ya kamba kwenye ncha zake, ambao Holless Wilbur Allen wa Missouri alipewa hataza yake mwaka 1969, unapunguza sana mzigo ukishavutwa hadi mwisho, ndiyo maana unaweza kushikiliwa wakati mnyama anaamua. Upinde wa kawaida hautoi nafuu hiyo. Ukivuta mapema, utachoka.

Na kwa kuwa tumetaja kutetemeka ukiwa juu ya mti: funga mkanda wa usalama tangu mguu unapotoka ardhini hadi unaporudi, si baada ya kuketi. Upinde na podo vipandishwe kwa kamba. Kuanguka kutoka ulingoni ni miongoni mwa ajali zinazowaumiza wawindaji wa upinde zaidi.

## Mshale ulipita juu ya mgongo

Wengi husema, "nililenga juu." Mara nyingi walilenga vizuri na mnyama ndiye aliyeshuka. Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde. Mshale wa upinde wa roda ulio wa kawaida huenda mita 85 kwa sekunde. Kulungu akiwa mita 20, mlio wa ugwe, yaani kamba ya upinde, unamfikia karibu sekunde 0.18 kabla ya mshale. Mita 30, ni sekunde 0.27. Mita 40, ni 0.35. Ili kuruka, anakunja miguu kwanza, na kwa kukunja huko kifua kinashuka. Kitu kinachoanguka kwa uzito wake tu hushuka karibu sentimita 20 katika sekunde 0.2. Hata ukitoa muda wa mnyama kushtuka, katika mita 40 anapata nafasi ya kuondoka kabisa mahali ulipolenga.

Uthibitisho uko kwenye kumbukumbu zako: alikuwa ametulia, anakula? Au alikuwa ameinua kichwa, misuli imekaza, masikio yamekuelekea? Katika hali ya pili usipige, hasa akiwa zaidi ya mita 25. Kwa aliyetulia, lenga theluthi ya chini ya kifua. Asiposhuka utapata moyo, akishuka utapata mapafu. Kupunguza kelele kwa vibandiko vya manyoya kwenye ugwe na kwa mshale mzito kunasaidia. Kuongeza kasi hakusaidii sana, maana hakuna upinde unaokaribia kasi ya sauti.

Kama alikuwa ametulia na bado mshale ulipita juu, chunguza mwili wako. Ukiwa ulingoni, pinda kiunoni. Anayeshusha mkono tu hubadilisha mahali anapogusa shavu, na mshale unapanda. Vilevile masafa yapimwe hadi shina la mti lililo kando ya mnyama kwa usawa wa macho yako: mshale huvutwa chini kwa kadiri ya umbali wa mlalo, si wa mshazari. Kwa ulingo wa mita 6 na mnyama aliye mita 20 tofauti ni ndogo. Kwenye mteremko mkali si ndogo tena.

## Mshale ulikwenda chini au pembeni

Chini: masafa. Ukidhani ni mita 20 kumbe ni 25, upinde wa mita 85 kwa sekunde utakuangusha sentimita 6 hadi 9, na hiyo bado ni ndani ya kifua. Upinde wa kawaida wa mita 55 kwa sekunde utakuangusha karibu sentimita 20. Pima miti mitatu minne unapoketi tu, uikariri, usisubiri kulungu atokee.

Pembeni: jaribu kwanza chembe chenyewe, yaani ncha ya mshale. Chembe cha kuwindia kina makali mapana yanayoshika hewa, kwa hiyo upinde ambao haujasawazishwa utapeleka chembe cha mazoezi mahali pamoja na cha kuwindia mahali pengine. Piga vyote viwili mita 30, kwa mishale yenye uzito uleule. Vikitofautiana, kiegemeo au ugwe unahitaji kurekebishwa. Kisha angalia mkono wa koti. Umefanya mazoezi na fulana wakati wa joto, umewinda na koti nene. Ugwe ukigusa kitambaa, mshale unapinda. Fanya mazoezi ya mwisho ukiwa umevaa kila kitu, umeketi, na umefunga mkanda.

## Mshale ulimpata, lakini hajaonekana

Hapa taratibu zinabadilika, kwa sababu kuna mnyama anayeumia na kila hatua yako inamsaidia au inamtesa. Usishuke. Kariri mti wa mwisho ulipomwona, sikiliza, tazama saa.

Aliyeruka akirusha miguu ya nyuma mara nyingi amepigwa kifuani. Aliyekunja mgongo na kuondoka polepole amepigwa tumboni. Nenda kimya hadi kwenye mshale na uusome. Damu ya waridi yenye mapovu ni ya mapafu: subiri angalau nusu saa. Damu nyekundu iliyokoza, bila mapovu, huenda ni ya ini: subiri kwa muda wa saa nne au zaidi. Majimaji ya kijani yenye harufu mbaya ni tumbo: ondoka kwa njia uliyojia na urudi baada ya saa 8 hadi 12. Huo ndio ushauri mgumu zaidi kuufuata, na ndio unaookoa mawindo. Kulungu wa jeraha la tumbo asiposukumwa hulala karibu na kufia pale. Akifuatwa mapema huinuka na kwenda mbali, na damu yake huwa kidogo mno kufuatika.

Ukianza kufuata, tembea kando ya alama, si juu yake. Weka kitambaa kila penye tone, ili ukigeuka uone mwelekeo. Mwenzako asimame kwenye tone la mwisho wakati wewe unatafuta linalofuata. Watu wengi wakitawanyika hukanyaga kila kitu. Damu ikikatika, zunguka kutoka hapo kwa duara linalopanuka, ukiangalia upande wa chini wa majani, vigogo alivyoruka, kisha maji na vichaka vizito vilivyo chini ya mteremko. Palipo na ruhusa ya mbwa wa kufuatilia, mwite mwenye mbwa kabla hujazunguka sana. Alama zikivuka mpaka wa shamba la mtu, omba ruhusa kwanza. Mvua ikikaribia, fuata mapema kuliko ulivyopanga, hata kwa jeraha la tumbo, lakini polepole na upinde ukiwa tayari, kwa kuwa unaweza kumkuta bado yu hai.